Kidonge cha Tumbo Tupu

Wiki ya tatu tangu nianze kumeza vidonge vya sukari, nilianza kuonja chuma kinywani. Haikuwa ladha ya damu. Ilikuwa kama nimelamba jembe lililolala nje kwenye umande. Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna majani ya mpera, nikasali Salamu Maria tatu. Chuma kilibaki palepale chini ya ulimi. Na baada ya chuma likafuata tumbo.

Mama yangu, Apeduno, alikufa mwaka wa 1958 kwa ugonjwa huohuo. Wakati ule nyumbani kwetu, karibu na Malaba, hakuna aliyelijua jina lake. Tulimwona tu mwanamke aliyekuwa na mwili mkubwa akikonda, akimaliza mtungi mzima kabla ya adhuhuri, na sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa. Mganga aliitwa. Akasema maji ndiyo yanayoulisha ugonjwa. Mnyimeni maji, nao utakufa njaa. Mimi ndiye niliyekaa na mama siku tatu za mwisho. Mimi ndiye niliyechukua kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, nikakificha ghalani chini ya wimbi. Aliniomba kwa mkono, kwa maana sauti ilikuwa imekauka. Sikumpa. Nilikuwa binti mtiifu.

Jambo hilo sikulisema kwa mtu, hata kwa mume wangu Ojiambo, hata kwa padre kwenye kitubio. Nilikuwa nikifika mlangoni pa maneno hayo, kisha nataja dhambi nyingine.

Miaka minane baadaye, mwezi wa Novemba 1966, kiu ilinijia mimi. Ojiambo alinipeleka dispensari ya hapa Busia. Edris, dresa wa pale aliyemsaidia daktari, alitia mkojo wangu katika kichupa pamoja na maji ya buluu, akachemsha juu ya moto mdogo wa spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikawa rangi ya tofali. Kadiri rangi ilivyozidi kuiacha buluu, ndivyo sukari ilivyokuwa nyingi.

"Ni sukari, mama," akaniambia. "Si kifo. Utameza hivi, kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Umenisikia? Baada ya kula."

Nilimsikia vizuri. Lakini nilidhani maneno hayo ni ya watu wasio na imani kubwa. Mimi tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza nilijua kwamba kitu cha kuokoa huingia katika tumbo tupu. Hata padre alipotutangazia kwamba siku hizi saa moja ya kufunga inatosha, mimi sikuacha kufunga tangu usiku wa manane. Basi kidonge nacho nilikipokea hivyo. Niliamka kabla ya jogoo, nikapiga magoti, nikakiweka juu ya ulimi bila kukigusa kwa meno, na sikula kitu mpaka adhuhuri. Cha jioni nilikimeza kabla ya chakula, na mara nyingi chakula chenyewe nilikiacha. Nilimwambia Mungu: haya ni malipo kwa ajili ya mama. Kwa siri nilifurahi kwamba inauma.

Tumbo halikuwa na siri. Lilinguruma, likakaza kama nguo inayokamuliwa, kisha likafunguka bila kubisha hodi. Sokoni nilikuwa nikiuza unga wa muhogo, na siku nyingine nilimwachia jirani kibaba mkononi hata kabla mnunuzi hajafungua mfuko. Nilijua njia zote za kwenda chooni, na nilijua ipi ina mawe.

Jioni saa kumi na moja nilikwenda darasa la watu wazima pamoja na wenzangu, kwa mwalimu Bwire. Siku moja nilisimama kusoma ubaoni. Nilisoma maneno manne. La tano sikulifikia. Nilikimbia nikiwa nimeshika sketi, na nyuma yangu nikamsikia Maimuna, mke wa mwenye duka la nguo, akisema kwa sauti:

"Mwalimu, mpe huyu ruhusa ya kudumu! Treni ya Kampala haingoji kengele!"

Darasa zima lilicheka. Niliporudi, mwalimu Bwire alijikaza asicheke. Akauliza kwa upole, "Mama Roselyn, ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa nimefika mlangoni, mwalimu."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Maimuna alinisogelea akanipangusa jasho kwa leso yake. "Lakini dada," akaninong'oneza, "unakwisha. Mwili unakwenda wapi?"

Sikuweza kumwambia ulikokuwa unakwenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na jambo jingine.

Kila asubuhi nilikuta mtungi wa maji umepungua. Si kidogo, kwa upana wa viganja viwili. Kifuniko kilikuwa kimewekwa upande, na kikombe kimelazwa chini, mdomo ukitazama ardhi. Hapa nyumbani hatulazi kikombe hivyo. Aliyekuwa akikilaza hivyo ni mama, ili mende wasiingie.

"Ni wewe unayeamka kunywa," Ojiambo akasema. "Mtu mwenye sukari huamka."

"Nikiamka najijua."

"Basi ni panya mwenye adabu," akasema, akatoka na baiskeli yake. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, na alipenda kuondoka kabla ya hoja kukomaa.

Halafu, adhuhuri moja, jua likiwa utosini, nilimwona. Nilikuwa natoka sokoni kupitia kisimani. Mwanamke alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anakunywa maji kwa viganja kama mtu asiye na kikombe. Mabega yalikuwa ya mama. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa kwa kifundo cha pembeni, kama alivyofunga mama. Kata yangu ya maji ilinidondoka. Alikunywa, akanywa, akanywa, na mimi nikahesabu mafunda kama shanga za rozari. Kisha akageuka, na uso ulikuwa wa mchuuzi kutoka ng'ambo, mama wa Kiganda aliyeuza ndizi.

"Nnyabo," akaniita kwa Kiganda, yaani mama, akininyooshea kata yangu mwenyewe iliyokuwa imeanguka, "unataka maji?"

Nilikimbia, na safari hii si kwa sababu ya tumbo. Swali hilo ndilo sikumwuliza mama kwa siku tatu.

Jumapili kaka yangu Ojakol alifika kutoka Malaba. Yeye ndiye mkubwa wetu, ndiye anayekaa katika boma la baba ambako mama amezikwa. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, akakataa kuketi.

"Nimesikia unaendesha kama mtoto anayeota meno," akasema.

"Karibu kwanza, kaka. Salamu huja mbele."

"Salamu nimeziacha barabarani. Kinywani unaonja nini?"

Nilishangaa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya kinywa. "Chuma," nikajibu.

Ojakol aliketi sasa, polepole. "Ni yeye," akasema. "Mama amechoka na udongo. Miaka minane amelaliwa na ardhi kifuani. Anataka kutolewa apigwe na upepo."

Kwetu sisi Wateso jambo hilo si geni. Marehemu akianza kuwasumbua walio hai, mifupa yake hufukuliwa, ikawekwa mahali penye kivuli ipate hewa, naye hutulia. Padre alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, na mimi naliamini hilo. Lakini Mungu hakuwa analaza kikombe changu kifudifudi.

"Jumamosi tutamtoa," Ojakol akasema. "Mpaka siku hiyo acha vidonge vya watu wa dispensari. Huwezi kulishwa na wawili. Wao wanaingiza, mama anatoa."

"Edris alisema nisikose hata siku moja."

"Edris anamjua mama yetu?"

Niliviweka vidonge juu ya kabati, nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, nikaviacha.

Siku ya pili tumbo likatulia. Siku ya tatu nililala kama mtoto, na ladha ya chuma ikafifia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimwambia Ojiambo, "Unaona? Kaka alisema kweli. Ni mama." Ojiambo alikuna kidevu, maana ushahidi ulikuwa mbele yake.

Siku ya nne, Alhamisi, kiu ikarudi.

Haikuja kama mgeni. Ilikuja kama mwenye nyumba. Nilikunywa asubuhi mpaka tumbo likapiga mawimbi nikitembea, na ulimi bado ulikuwa kipande cha gome. Macho yaliingia ukungu. Nilikwenda uani kukojoa, na niliporudi kupita mahali pale niliwaona sisimizi. Walikuwa wamekuja kwa safu, kimya, kama watu wanaoingia kanisani. Nikajua mama alikuwa ameona nini katika siku zile, peke yake, bila mtu wa kumweleza.

Ojiambo alinikuta nimekaa chini nimeshika mtungi. Alinipandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, tukaelekea dispensari.

"Nimebeba watu wa kila namna kwenye kiti hiki," akasema akipiga pedali. "Walevi, bibi harusi, mtu na mbuzi wake. Maiti sijabeba, na sitaanza na mke wangu. Shika kiuno!"

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Edris alikuwa mkavu wa midomo, macho yamechoka, lakini mikono yake ilifanya kazi ileile. Maji ya buluu yakachemka. Safari hii hayakusimama kwenye kijani wala manjano. Yalikimbia moja kwa moja hadi tofali.

"Umeacha dawa," akasema.

"Inanipasua tumbo. Inanitia chuma kinywani. Kaka yangu anasema—"

"Kaka yako atasema baadaye. Wewe unaimezaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe: magoti, ulimi, kutokula hadi adhuhuri. Nikaongeza kwamba kaka anasema ni marehemu mama anayenisumbua. Edris alikiweka kichupa chini kwa uangalifu mkubwa.

"Nani alikuambia ufunge?"

"Hakuna."

"Nilikuambia nini siku ile?"

"Baada ya kula."

"Mama Roselyn," akasema, "mimi leo sijatia hata tone la maji kinywani tangu alfajiri, na nimefunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini mama yangu mwenyewe, Kadija, ana sukari kama wewe. Nimemkataza kufunga. Dini yetu yenyewe imemruhusu mgonjwa ale. Alilia, akasema nataka kumwingiza motoni. Nikamwambia, mama, dawa hii haifungiwi. Kidonge hiki kikikuta tumbo tupu kinalikwaruza. Na wewe umekipeleka mara mbili kila siku kwenye tumbo tupu, halafu unamsingizia marehemu?"

Hapo ndipo maneno yaliyonishinda kwenye kitubio yalipotoka, mbele ya Mwislamu aliyefunga, katika chumba kinachonuka spiriti. Nilimwambia habari ya mganga, kikombe, wimbi, mkono wa mama. Nilimwambia kwamba niliona ni haki niumie.

Edris alizima moto wa spiriti. Nilingoja anifariji.

"Maji yasingemponya," akasema mwishowe. "Angekufa hata kama angekunywa mto wote. Hukumwua wewe." Kisha akatazama dirishani. "Lakini ungempa tu."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Padre baadaye aliniondolea dhambi, na nashukuru. Lakini aliyeniambia kweli yote, pande zote mbili, ni Edris.

Aliingia kwa daktari na kadi yangu, akatoka na agizo jipya. Nusu kidonge tu, mara moja kwa siku, katikati ya chakula au mara baada yake, kwa wiki moja. Halafu nusu mara mbili, wiki nyingine. Tukipanda polepole tumbo hujifunza. Nisiguse pombe ya busaa kabisa. Uji wa wimbi bila sukari, muhogo kidogo, mboga, samaki. Kidogo kidogo lakini nisikose. Ladha ya chuma huenda ikabaki, haina madhara. Nikitapika mfululizo, au nikianza kuhema bila sababu, nisingoje ndugu wala padre, nije mbio. Kisha akanimiminia maji katika bilauri, akasimama kunitazama nikinywa, na koo lake likapanda na kushuka pamoja na langu.

Jumamosi nilipanda basi la Malaba nikiwa na ugali wa muhogo na dagaa wa omena katika jani la mgomba, na chupa ya maji. Ojiambo aliuliza kwa nini niende, ikiwa nimeshajua ni dawa. Nilimwambia, "Dawa ilivuruga tumbo. Kikombe sijui nani anakilaza."

Ojakol alikuwa ameagiza kwamba mtu asile mpaka mifupa itoke. Walikuwa wameanza kuchimba, yeye na binamu wawili, na wanawake wameketi kimya pembeni. Jua lilipanda. Wakati wangu wa kula na kumeza kidonge ulifika. Nilikuwa najua ninachochagua. Nikingoja, nitakuwa binti mtiifu tena.

Nilifungua jani nikaanza kula, nimesimama.

"Tazameni!" shangazi yetu akapiga makofi. "Mtu wa Busia! Hata kuku hungoja banda lifunguliwe. Unatafuna juu ya kichwa cha mama yako?"

"Natafuna, shangazi," nikasema, chakula kinywani. "Mama alikufa kwa kunyimwa. Sitamkumbuka kwa kujinyima."

Nikala mpaka mwisho. Nikavunja kidonge, nikameza nusu kwa maji, mbele yao wote. Tumbo likanguruma kwa sauti, na shangazi akasema, "Ehee, limeanza!" Nikangoja aibu yangu ya kila siku. Nilikwenda kichakani mara moja tu, nikitembea, na nikarudi.

Niliporudi, Ojakol alikuwa amesimama shimoni, udongo ukimfika kifuani, na mkononi ameshika kitu. Kilikuwa kimeliwa na kutu, rangi nyeupe imebanduka, lakini ukingo wa buluu ulionekana upande mmoja. Kilikuwa kimelala karibu na kichwa cha mama, kifudifudi.

Watu wakanong'ona. Nikasema kwa sauti, ili mtu mwingine asiulizwe: "Kikombe hicho nilimnyang'anya mimi. Nilikificha ghalani. Aliniomba maji, sikumpa. Sijui kimefikaje hapo."

"Mimi najua," Ojakol akasema. Hakuinua uso. "Nilikikuta chini ya wimbi matanga yalipokwisha. Udongo ulikuwa bado laini. Nilifukua kwa mikono penye kichwa, nikakitia."

"Uliijua habari hii? Miaka minane?"

"Niliijua."

"Mbona hukuniuliza, kaka?"

"Ningekuuliza nini, Alupo?" akasema, akiniita kwa jina langu la nyumbani. "Yule mganga nilimleta mimi. Nilimlipa jogoo." Aliufuta uso kwa mkono wenye udongo, ukabaki na mchirizi. "Kila nikinywa maji nauona mkono wake. Watu wa Busia waliposema tumbo linakusumbua, nilijiambia nitauliza kitu kimoja tu: unaonja nini. Na wewe ukaniambia chuma, chuma cha kikombe hiki."

Shangazi alivuta leso yake akafunika mdomo.

Walitoa mifupa, wakaipanga juu ya kitambaa safi kivulini. Nilisali Baba Yetu, na hata wasiosali walinyamaza mpaka mwisho. Kisha nilikichukua kikombe, nikamimina maji ya chupa yangu ndani yake. Kilikuwa kimetoboka chini. Maji yalipita, yakaanguka juu ya kitambaa, yakaingia. Nikajaza tena. Ojakol aliweka kiganja chini ya tundu, kuzuia, na bado yakapita kati ya vidole vyake. Nikajaza mpaka chupa ikaisha.

Sasa ni mwezi wa Machi. Nameza kidonge kizima asubuhi na kizima jioni, baada ya uji, baada ya ugali. Darasani nafika mwisho wa mstari, na Maimuna ananiita Treni Iliyochelewa. Maji ya buluu ya Edris sasa husimama kwenye kijani.

Chuma bado nakionja, hasa asubuhi. Na mtungi bado hupungua. Ojiambo anasema ni mimi, na huenda ni mimi. Sibishani naye. Kila jioni nikitoka darasani naujaza mpaka shingoni, na kikombe nakiacha juu ya kifuniko, mdomo ukitazama juu, tayari kwa mwenye kiu.